Nigongee Mara Moja Tu

Katika mitaa ya zamani ya Tanga, Mombasa na Unguja, mtu ana njia mbili za kuamshwa alfajiri. Ya kwanza ni adhana. Muadhini huita kila siku, masika na kiangazi, wala haulizi nani ana safari na nani hana. Ya pili ni jirani. Mwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi humwambia mwenzake usiku kabla ya kulala, "Kesho nigongee saa kumi." Jirani hugonga dirisha, husikia "Haya, nimeamka, ahsante," na hapo kazi yake imekwisha. Akirudi kugonga siku ya pili, na ya tatu, na wiki nzima, wema umegeuka udhia.

Kompyuta nayo ina muadhini wake na ina jirani wake. Mazungumzo ya leo ni ya huyo jirani. Muadhini anajulikana na kila fundi wa kompyuta. Jirani amesahaulika, na kusahaulika kwake kunaleta hasara ambazo zingeweza kuepukwa kwa mstari mmoja wa maandishi.

Mfumo endeshi ni ile programu mama inayosimamia programu nyingine zote: Windows, Linux, macOS. Kila mmoja una mtunza saa ndani yake. Katika ukoo wa Unix, ambamo Linux na macOS huhesabiwa, kazi za kila siku, kama bakapu ya usiku au kufagia mafaili ya muda, hupewa cron, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Kazi ya mara moja, ile inayotakiwa kufanyika Alhamisi hii saa nne usiku kisha basi, hupewa amri ya herufi mbili tu: a na t.

Amri hiyo, at, ni mzee wa makamo. Ilitoka na toleo la saba la Unix, lililotayarishwa katika maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 1979. Zama zile kompyuta moja ya PDP-11 ilitumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila mtu na teminali yake. Mwenye hesabu nzito alijua kwamba akiziendesha saa nane mchana wenzake wote watakwama. Kwa hiyo aliziagiza zifanyike usiku, yeye akaenda zake kulala. Ndani ya mashine mambo yalikwenda hivi: at iliandika faili dogo katika folda maalumu, na jina la faili lenyewe likabeba siku na saa iliyotakiwa. Programu ya pili, iliyoitwa atrun, ilikuwa ikipita kila baada ya dakika chache, inatazama ni faili gani saa yake imefika, inaliendesha. Na nani aliyeiamsha atrun? Cron. Jirani mwenyewe alikuwa akiamshwa na muadhini.

Linux ilipata at yake mwaka 1993, kazi ya Thomas Koenig, nayo ina mlinzi wa kudumu anayeitwa atd. Desturi ya kuandika saa katika jina la faili imebaki. Saa hiyo huhesabiwa kwa dakika zilizopita tangu mwaka 1970 ulipoanza kwa saa ya dunia, wakati ambao Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa tisa usiku.

Kuitumia hakuhitaji elimu kubwa. Mtu anafungua dirisha la amri, anaandika at, anaacha nafasi, anaandika 22:00. Kompyuta inangoja. Anaandika amri anayotaka, moja au kumi, kisha anabonyeza Control pamoja na herufi D. Kompyuta inajibu kwa mstari mmoja wenye namba ya kazi, siku, mwezi, tarehe, saa na mwaka. Akitaka kuona kazi zilizo kwenye foleni anaandika atq. Akitaka kufuta kazi anaandika atrm na namba yake. Akitaka kusoma upya alichoagiza, at, kistari, herufi c na namba. Amri inaelewa hata maneno ya Kiingereza ya kila siku: noon ni adhuhuri, midnight ni saa sita usiku, na teatime, wakati wa chai, ni saa kumi jioni. Walioweka neno hilo waliwaza Waingereza, lakini hata Wete au Kilwa saa kumi ni saa ya birika kuwekwa jikoni.

Jirani huyu ana adabu moja inayomtofautisha na muadhini: anakumbuka mtu alikuwa amesimama wapi alipomwagiza. At huhifadhi folda ambayo mtumiaji alikuwamo na sehemu kubwa ya mazingira yake ya kazi, kisha huyarudisha saa ikifika. Cron haifanyi hivyo. Mafundi wengi wamehangaika siku nzima na amri inayofanya kazi vizuri ikiandikwa kwa mkono lakini inagoma ndani ya cron, kumbe cron haioni mazingira waliyoyazoea. Ila at nayo ina kasoro yake. Majibu ya kazi huyatuma kwa barua pepe ya ndani ya mashine, na seva nyingi za siku hizi hazina huduma hiyo. Kazi inafanyika, jibu linapotea hewani. Mwenye busara huelekeza majibu kwenye faili, akalisoma asubuhi.

Sasa, kwa nini isitumike cron kwa kila kitu? Wengi hufanya hivyo. Wameifundishwa chuoni, wameizoea, wanaona hakuna haja ya kujifunza nyingine. Mstari wa cron una sehemu tano za wakati: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Mwaka haumo. Anayeandika kazi ya tarehe 15 Machi saa nane usiku akidhani ameagiza mara moja, ameagiza kila tarehe 15 Machi mpaka mashine ife.

Tuseme chuo kimoja kilipokea maombi ya wanafunzi, yakachambuliwa, na fundi akaagizwa afute folda la maombi tarehe fulani baada ya kazi kwisha. Akaandika mstari wa cron, folda likafutwa, kila mtu akafurahi. Fundi akapata kazi kwingine, akahama. Mwaka uliofuata folda lenye jina lilelile limejaa maombi mapya ambayo hayajaguswa, na tarehe ileile, saa ileile ya usiku, muadhini anaadhini. Hakuna aliyekosea usiku huo. Kosa lina umri wa mwaka mzima, na aliyelitenda hayupo kuulizwa. At ingefanya kazi ile mara moja, ikajitoa kwenye foleni, na mwaka wa pili kungekuwa kimya.

Suala la saa lina uzito wa peke yake, na hapa Mswahili ana mtihani ambao mabwana wa New Jersey hawakuwa nao. Kiswahili huanza kuhesabu saa na jua. Kompyuta huanza kuhesabu katikati ya giza. Tofauti ni saa sita kamili, na kila mtoto wa Afrika Mashariki hujifunza kuiruka bila kufikiri: mshale mfupi uko kwenye mbili, mdomo unasema saa nane. Kichwa kinachoruka bila kufikiri hukosea kikichoka, na kazi za kompyuta aghalabu hupangwa na watu waliochoka.

Meneja anamwambia fundi, "Simamisha mfumo wa malipo saa nane usiku, dakika kumi tu, uweke toleo jipya." Fundi anaandika 20:00. Nane iko masikioni, na usiku anaujua kuwa ni wa saa za ishirini kwenda juu. Lakini 20:00 ni saa mbili usiku, watu wametoka kazini, wananunua umeme, wanamtumia mama pesa ya dawa kijijini. Saa nane usiku ni 02:00. Kompyuta haiwezi kuhisi kwamba agizo hili halina akili. Imeambiwa 20:00, itasimamisha 20:00.

Mtego wa pili ni wa tarehe, nao ni mgumu zaidi. Watangazaji wa redio za Kiswahili husema kila asubuhi "usiku wa kuamkia leo", na hawasemi hivyo kwa urembo. Maneno hayo yamebeba kalenda ambamo siku huanza magharibi, jua likizama. Kwa mzee wa Lamu, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kijana wa ofisini Nairobi, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa, watu wakishatoka kazini. Kompyuta haimfuati mzee wala kijana, yenyewe hubadili tarehe saa sita usiku. Hivyo barua inayosema "kazi ifanyike Ijumaa saa nane usiku" ina siku mbili tofauti ndani yake, na anayeisoma atachagua moja bila kujua kuwa amechagua. Wanaosema "usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nane" wamefunga mlango huo, na ofisi zinazoandika maagizo ya mitambo zingefaa kuiga lugha hii ya redio neno kwa neno.

Kuna tena la saa iliyopita. At ikipewa saa bila tarehe, na saa hiyo imeshapita leo, haigombi wala haiulizi. Inahesabu kuwa ni ya kesho. Fundi anayeandika 20:00 wakati ni 20:05 ameahirisha kazi kwa karibu siku nzima. Ndiyo maana ule mstari wa jibu, wenye siku na tarehe, unastahili kusomwa kama msafiri anavyosoma tiketi kabla ya kuondoka dirishani.

Mtego wa tatu uko mbali, kule seva iliko. Seva za kukodi kwenye vituo vya data vya ng'ambo mara nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake. Anayeagiza kazi ya 22:00 kwenye seva ya namna hiyo akitegemea saa nne usiku, kazi yake itaanza saa saba usiku wa Dar es Salaam. Na Waswahili wenyewe hawako kwenye saa moja. Kampala, Nairobi na Dodoma ziko saa tatu mbele ya UTC. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ziko saa mbili, Kinshasa saa moja, na Maskati kule Omani saa nne. Familia yenye biashara Bukavu na Maskati ikikubaliana kwa simu "saa nne usiku", imekubaliana nyakati mbili zenye saa mbili kati yake.

Ulaya kuna jambo ambalo watu wa ikweta hawalijui kwa kuliishi. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Ujerumani huruka kutoka saa nane usiku hadi saa tisa. Dakika ya 02:30 haipo kabisa usiku ule. Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma, na 02:30 inapita mara mbili. Seva iliyoko Frankfurt na iliyowekwa saa ya huko inaweza kuitafuta saa iliyoagizwa isiione.

Dawa ya mitego hii yote iko ndani ya at yenyewe, na inasikitisha kwamba haifundishwi kwanza. Badala ya kutaja saa, mtu anahesabu kutoka sasa: at now + 3 hours, yaani sasa jumlisha saa tatu. Saa tatu ni saa tatu, iwe imeanza kuhesabiwa na jua au na giza, iwe Bukavu au Frankfurt. Hakuna cha kuruka saa sita, hakuna ubishi wa usiku wa nani. Anayelazimika kutaja saa kamili aandike kwanza amri date, aone mashine inaamini ni saa ngapi, ndipo apange.

Halafu kuna umeme. Hili msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Kazi imepangwa saa tisa usiku, umeme umekatika saa nane, umerudi saa kumi na moja. Itakuwaje? Jibu linategemea ni nani aliyeagizwa. Cron ya kawaida haina habari: saa imepita, kazi imepita. At ya Linux ni mwaminifu kwa namna nyingine. Faili lake liko kwenye diski, na mashine ikiwaka, atd inaona kazi iliyochelewa inaiendesha mara moja. Jirani aliyepitiwa na usingizi anaamka jua limechomoza, anakuja kugonga hivyohivyo. Kwa bakapu hilo ni jema. Kwa kazi ya kusimamisha mfumo ambayo ilitakiwa ifanyike wateja wamelala, ni balaa. Linux za sasa zina njia nyingine, systemd-run, inayoweza kupangia amri ya mara moja kwa haraka, lakini agizo la namna hiyo halivuki kuzimwa kwa mashine, likikatika limekatika. Windows imeweka kisanduku cha kuweka alama katika Task Scheduler: je, kazi iliyokosa saa yake ifanyike mapema iwezekanavyo? Kwa kawaida hakina alama. Mwenye kompyuta ofisini Mwanza au Goma anafaa kukitafuta leo.

Vipo pia vile vikompyuta vidogo vya Raspberry Pi vinavyotumika mashuleni na kwenye miradi ya kupima mvua na unyevu wa udongo. Kabla ya toleo la tano la mwaka 2023 havikuwa na saa ya ndani inayoweza kuendelea kutembea umeme ukikatika. Kikiwaka bila intaneti, hakijui leo ni lini. Kukipangia kazi ya saa kumi kamili ni sawa na kumwagiza jirani asiye na saa wala dirisha.

Kwenye Mac ndiko kuna la kushangaza zaidi. Amri at ipo, inapokea agizo, inatoa namba ya kazi kwa heshima zote, na saa ikifika hakuna kinachotokea. Sehemu inayoziendesha kazi hizo, atrun ileile ya jina la zamani, imezimwa tangu kiwandani, na mwenye mashine anapaswa kuiwasha mwenyewe kwanza. Kwenye Linux nyingi za sasa at haimo kabisa mpaka isakinishwe, jambo ambalo angalau ni la wazi: amri haipo, mtu anaambiwa haipo.

Matumizi ya nyumbani nayo yapo, tena ni mengi. Wanafunzi wa mabweni wanajua bando za usiku zilivyo nafuu. Anayetaka kushusha faili kubwa hana sababu ya kukesha akisubiri saa sita. Anaiagiza at, anaweka amri ya kushusha inayoweza kuendelea palipokatikia, analala. Na wapo wanaoacha kompyuta ikimalizia kazi huku wameipangia kuzimika yenyewe. Wahame kutoka Windows kwenda Linux kwa tahadhari: kwenye Windows, amri ya shutdown huhesabu sekunde, hivyo 60 ni dakika moja, kwenye Linux huhesabu dakika, hivyo 60 ni saa nzima. Agizo lililojutiwa hufutwa kwa herufi a kwenye Windows na c kwenye Linux.

Windows nayo ilikuwa na at yake tangu enzi za Windows NT. Baadaye, na Windows XP, ikaja schtasks, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 anayeiita at anaambiwa imestaafishwa. Sababu mojawapo ya kutoisikitikia ni kwamba kazi za at kwenye Windows ziliendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, makubwa kuliko ya msimamizi wa kawaida, na wavamizi waliipenda kwa hilo.

Juni 27, 2017, siku moja kabla ya sikukuu ya Katiba nchini Ukraine, programu haribifu iliyokuja kuitwa NotPetya ilianza kusambaa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu inayotumika sana huko, M.E.Doc. Ikishaingia kwenye kompyuta ilijipangia kazi moja ya mara moja. Kwenye Windows mpya iliita schtasks pamoja na neno once, mara moja. Kwenye za zamani iliita at. Amri yenyewe: mashine izimwe na kuwashwa upya kwa lazima, muda mfupi baadaye. Haikuwashwa upya papo hapo kwa kuwa mashine iliyozimika haiambukizi wenzake. Ndani ya muda ule wa kungoja, NotPetya ilikuwa ikipekua mtandao wa ofisi, ikiruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na kila iliyofikiwa ikijiwekea saa yake. Mashine ilipowaka upya ilionyesha skrini ya uongo ya kukarabati diski, na nyuma ya skrini hiyo ilikuwa inafunga kwa siri orodha inayoonyesha kila faili liko wapi.

Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake hupita Mombasa na bandari nyingine nyingi za Afrika, iliangushwa ndani ya saa chache. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza kwenye mkutano wa Davos mwanzoni mwa 2018 kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Mwandishi Andy Greenberg wa jarida la Wired alisimulia mwaka huohuo jinsi walivyotafuta duniani kote nakala ya mashine zinazoshika orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Zilikuwa kama 150, na zote zilikuwa zimefutika. Zote ila moja, iliyokuwa katika ofisi ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Mashine ilikuwa nje ya mtandao, na ugonjwa ukaipita. Intaneti ya ofisi ile ilikuwa nyembamba mno, kuituma data Uingereza kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akaikabidhi kwa mwenzake uwanja wa ndege, naye akaruka nayo hadi London.

Kwa kuwa hata NotPetya ilijipangia kazi humo, orodha ya kazi zilizopangwa ni mahali pa kukaguliwa, kama stoo inavyokaguliwa. Kwenye Linux, faili liitwalo at.allow linataja nani anaruhusiwa kupanga kazi, na palipo na faili hilo watumiaji wengine wote wa kawaida hukataliwa. Kwenye Windows, Task Scheduler hufunguliwa na orodha ikasomwa jina kwa jina. Kazi isiyo na mwenyewe iulizwe.

Kwa wenye mashine zilizoelemewa, at ana ndugu yake, batch. Huyu hapewi saa. Anaambiwa kazi, naye anaiweka mpaka mzigo wa mashine ushuke chini ya kiwango fulani, kwa kawaida 1.5 kwenye Linux. Basi.

Lakini matumizi bora kuliko yote ya agizo la mara moja ni yale ambayo mpangaji anatumaini hayatatekelezwa. Mafundi wa mitandao wanayajua. Kwenye ruta za Cisco kuna amri ya kujiwasha upya baada ya dakika kadhaa. Juniper wana amri inayokubali mabadiliko kwa majaribio, ikarudisha ya zamani baada ya dakika kumi yasipothibitishwa. Ubuntu wana netplan try, yenye sekunde 120. Kwenye seva ya kawaida ya Linux, kamba hiyo ya usalama husukwa kwa at.

Tuseme fundi yuko Arusha, seva iko Frankfurt, na ni saa saba usiku. Anataka kubadili kanuni za faiawoli, yule mlinzi wa mlangoni anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Akikosea anajifungia mwenyewe nje, na huko Frankfurt hana ndugu wa kumpigia simu akabonyeze kitufe. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote anahifadhi kanuni za sasa kwenye faili. Kisha anaandika at now + 10 minutes, na ndani yake agizo moja: rudisha kanuni zilizo kwenye faili lile. Kompyuta inajibu, kazi namba 12. Anasoma saa. Ni sawa. Ndipo anaweka kanuni mpya.

Skrini inaganda. Anabonyeza vitufe, hakuna herufi inayotokea. Anafungua dirisha jingine, anajaribu kuingia upya, anangoja, anakataliwa. Amesahau mlango namba 22, ule anaoingilia yeye.

Anainuka, anaweka maji jikoni. Chai inachemka, anaimimina, anarudi mezani, anatazama saa ya ukutani. Dakika ya kumi inapita. Anajaribu tena, na seva inamfungulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Anarekebisha mstari ulio na kosa, anapanga kazi nyingine ya dakika kumi, namba 13, anaweka kanuni kwa mara ya pili. Safari hii anafungua dirisha jipya anaingia bila shida. Anajaribu kutoka kwenye simu yake pia, anaingia. Anaandika atrm 13, kisha atq kuhakikisha. Foleni haina kitu, na chai bado ya moto.